Diski Iliyokaa Matanga

Niliisikia. Kwa muda mrefu nimewaambia watu, na kujiambia mwenyewe kwa sauti ya kujiamini zaidi, kwamba siku niliyoitoa ile diski mikononi mwangu ilikuwa nzima. Haikuwa nzima. Asubuhi ya siku ile niliiunganisha na kompyuta ili nihakikishe, nayo ikalia: tak, ikanyamaza, tak, ikanyamaza, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua wenyewe wamo ndani. Kisha ikafunguka, mafaili yakaonekana, nami nikaichomoa haraka kabla haijaghairi. Jirani aliyekuwa akichaji simu yake kwangu aliniuliza ni nini kinachogonga. Nikamjibu kwamba ni feni ya kompyuta. Feni ya kompyuta yangu ilikufa zamani. Huwa naipepea kwa jalada la kitabu kama mgonjwa wa homa.

Ndani ya diski ile alikuwamo mama yangu.

Mama alizaliwa Yanonge na karibu maisha yake yote aliyaishi juu ya maji, akipanda na kushuka mto kwa zile boti ndefu za mbao, akienda na chumvi na vitenge, akirudi na samaki wa moshi. Uzeeni alihamia kwangu mjini. Na kwa kuwa mimi siwezi kumwona mtu anazungumza bila kufikiria kitabu, nilianza kumrekodi. Alisimulia boti zilizozama na zilizokaribia kuzama, wanaume waliomdanganya mizani na yeye alivyowadanganya kwa kulipiza, nyimbo za kupigia kasia, majina ya visiwa ambavyo mto umeshavimeza. Alisimulia kiangazi chote, akiwa barazani, miguu ndani ya beseni la maji.

Nilimrekodi kwa simu. Simu ilipojaa nikahamishia kwenye kompyuta. Kompyuta ilipoanza kukohoa nikahamishia kwenye diski ya nje, niliyoinunua makusudi kwa ajili ya kuweka nakala. Na kila nilipohamisha nilifuta nyuma yangu, kama mtu anayefagia huku akirudi kinyumenyume. Kwa hiyo nikawa na diski ya nakala iliyojaa nakala za vitu ambavyo havikuwapo tena popote. Mtu mwenye shahada yangu alipaswa kujua kwamba nakala isiyo na asili yake si nakala. Ni kitu chenyewe, na kimebaki kimoja. Nilijua. Niliwahi hata kuandika makala kuhusu kumbukumbu za mji huu zinavyopotea, makala yenye hasira nyingi, ambamo niliilaumu serikali na unyevu.

Mama alipofariki, mdogo wake, mama yangu mdogo, hakuwapo. Alikuwa Opala, ambako binti yake alikuwa amejifungua. Alipopata habari kwamba dada yake amezidiwa alipanda boti siku hiyohiyo, lakini mto Lomami ulikuwa umepungua maji na boti ikakwama kwenye mchanga. Alipofika tulikuwa tumeshazika. Alipanda kutoka bandarini ameshika kuku wa kumpikia mgonjwa mchuzi. Kuku alikuwa bado hai. Sisi tuliokuwa uani tulimtazama yule kuku, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtazama mama mdogo usoni.

Kwetu vitu vya marehemu havigawanywi ovyo. Hukusanywa, hufungiwa ndani ya sanduku la bati, ufunguo hupewa mtu mmoja, na hakuna anayegusa kitu mpaka siku ya kuanua matanga, mwaka ukiisha. Familia ilikaa, ufunguo akapewa mama mdogo, sanduku likapangiwa kukaa nyumbani kwake ng'ambo ya mto, Lubunga. Kila aliyekuwa na kitu cha mama alikileta: vitenge, mizani, miwani, Biblia, sufuria aliyokuwa hataki mtu aikwangue kwa kijiko cha chuma. Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa nimekaa mchana kutwa nikitazama wengine wakitoa vitu vizito, na nadhani ndiyo sababu nilisimama. Hakuna aliyeniuliza. Nikaitoa diski mkobani, nikaiinua juu na kusema kwa sauti yangu ya makongamano:

“Na sauti yake yote iko humu.”

Mama mdogo, ambaye siku zote alimwita dada yake mkubwa yaya, akainua kichwa. “Sauti ya yaya iko ndani ya hiyo kintu?”

“Iko, Mama.”

“Yote?”

“Yote.”

“Bon. Basi ni kintu yake. Iingie na vingine.”

Tonton, mdogo wake marehemu baba, mtu wa kupenda utaratibu, akakohoa. “Pardon. Hiyo si ya marehemu. Ni ya mutoto. Mutoto njo aliinunua.”

“Sauti njo aliinunua?” akauliza mama mdogo.

Tonton akatazama viatu vyake.

Hapo ndipo ningesema. Ningesema kwamba diski inagonga, kwamba kitu kama kile hakifungiwi mwaka mzima kwenye bati kando ya mto, kwamba kwanza inakiliwe mahali pengine. Nilikuwa na sentensi tayari, hadi nukta mkato yake. Badala yake nikajisikia mwepesi kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Kama diski ilikuwa inakufa, sasa haikuwa juu yangu kujua. Nikampa. Akaifunga ndani ya kitenge cha mama, akatupia naftalini mbili tatu, akafunga sanduku, akauvaa ufunguo shingoni kwa uzi.

Kisha akasema mbele ya wote, akivuta kidogo kitambaa cheusi alichojifunga: “Nyinyi mulimusikia mupaka mwisho. Miye sikumusikia. Siku ya kutoa matanga nitamusikia kwanza. Njo nitavua hii. Nisipomusikia, sivui.”

Mwaka mzima, kila mtu aliyeniuliza kuhusu zile rekodi nilimjibu kwamba mila hairuhusu kuzigusa. Nilisema hivyo kwa heshima kubwa, mimi ambaye mila zote nyingine nilikuwa nimeziandikia makala za kuzicheka. Lakini mvua ilipoanza kunyesha ile ya kutokata, na habari zikaja kwamba huko Lubunga maji yanaingia viwanjani, nilimpigia mama mdogo simu.

“Maji imeingia kwako, Mama?”

“Ilifika kwa mulango, ikarudi.”

“Na sanduku?”

“Sanduku iko juu ya kitanda.”

“Na wewe unalala wapi?”

“Miye niko chini. Mbona unauliza?”

Nilikata simu nikakaa nikitazama ukuta. Mwanamke wa umri ule alikuwa amelala kwenye mkeka juu ya sakafu yenye maji maji ili kitu nilichojua kuwa ni kibovu kilale kitandani.

Siku ya kuanua matanga ikapangwa, Jumamosi, hukohuko kwa mama mdogo. Kitenge cha familia kikachaguliwa baada ya ugomvi wa kawaida. Sufuria kubwa zikaazimwa kanisani. Yote haya niliyabeba. Kilichonivunja ni Tonton, aliyenipigia Jumanne kwa furaha ya mtu aliyetatua jambo.

“Nimepata maspika! Makubwa, ya orchestre. Avenue yote itamusikia maman yako. Hata bale beko ng'ambo watasikia.”

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye mtumbwi.

Nilimkuta mama mdogo uani, amekaa kwenye kibao, anachambua majani ya muhogo ya kupika pondu. Nikamsaidia kuchambua kidogo, vibaya, akinirekebisha, mpaka nikapata ujasiri.

“Mama, nataka kuipima ile diski. Kuangalia afya yake tu, kabla ya Jumamosi.”

“Afya ya nani?”

“Ya diski.”

“Iko mugonjwa?”

“Hapana. Ni utaratibu. Kama vile mutu anapimwa damu hata kama hasikii maumivu.”

“Mutu anapimwa akisikia kintu.” Akaacha kuchambua. “Weye ulisikia nini?”

“Hakuna, Mama.”

Alinitazama kwa muda. Nilitumia muda huo kuchambua jani moja kwa uangalifu ambao jani halikuhitaji.

“Nitafungua,” akasema mwishowe. “Lakini haiendi peke yake. Marehemu hatembei bila mutu wake. Ngoja nivae viatu.”

Aliomba sala fupi, ya kumweleza dada yake kwa nini anafungua kabla ya siku. Kisha akaingiza ufunguo bila kuuvua shingoni, ikabidi ainame karibu sana na sanduku, kama mtu anayenong'ona. Kifuniko kilipoinuka ilitoka naftalini, halafu nyuma ya naftalini akatoka mama: moshi wa samaki, mafuta ya mawese, sabuni ile ya kijani. Mama mdogo alichukua diski pamoja na kitenge chake, akafunga.

Kwenye mtumbwi alikaa katikati, ameipakata. Mpiga kasia, aliyekuwa akitania abiria wote, akamwinamia.

“Maman, mutoto huyo halii? Mutoto muzuri sana.”

“Si mutoto,” akasema mama mdogo. “Ni yaya yangu.”

Yule mtu alitazama nguo nyeusi, kisha akatazama kile kifurushi kidogo. Tangu hapo alipiga kasia taratibu, na mawimbi ya boti kubwa yalipokuja aliyakabili kwa pua ya mtumbwi ili tusitikiswe. Ningependa kusema kwamba nililia. Nilikuwa nikihesabu kichwani uongo gani umebaki ambao bado unaweza kutumika.

Rafiki yangu wa tangu sekondari ya wasichana ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi katika Komini ya Kisangani, upande wangu wa mto: mashine mbili, kompyuta mbili, na jenereta inayosikika mpaka barabara ya pili. Ni mtu wa kupaza sauti ili aishinde jenereta, na tabia hiyo hata ikizimwa haimtoki.

“Mwandishi! Leo umekuja kuchapisha kitabu, ama umekuja kulalamika tu?” Kisha akamwona mama mdogo nyuma yangu, akatoka nyuma ya meza, akamshika mikono yote miwili, akampa kiti cha plastiki kando ya maboksi ya karatasi. Mama mdogo alifungua kitenge, akampa diski kama mtu anayempa muuguzi mtoto.

Rafiki yangu aliichomeka. Tulisubiri.

Tak.

Hata juu ya jenereta niliisikia. Tak.

“Hii inalia hivi tangu lini?” akaniuliza.

“Leo,” nikasema.

Mama mdogo alikuwa akinitazama.

Kuna programu inayosoma taarifa ambayo kila diski hujiandikia yenyewe bila kumwambia mwenye nayo: imefanya kazi saa ngapi, ina joto gani, sehemu ngapi za uso wake zimeoza ikalazimika kuhamisha vilivyokuwamo, na ngapi nyingine zinasubiri hukumu. Juu kabisa hukaa kisanduku cha rangi. Kikiwa buluu, lala usingizi. Chetu kilikuja cha njano, na ndani yake neno *Prudence*, yaani tahadhari, neno ambalo mimi huandika pembeni mwa insha za wanafunzi wanapoanza kunidanganya. Nikafarijika kidogo. Njano si mauti. Rafiki yangu akabonyeza ili taarifa isomwe upya, na mbele ya macho yetu kisanduku kikageuka chekundu. *Mauvais*: mbovu. Basi. Neno moja, bila hata sentensi.

“Ifunge ndani ya mchele,” alisema baba mmoja aliyekuwa akisubiri fotokopi za cheti. “Imekunywa maji.”

“Mchele ni ya simu, papa,” mwanamke nyuma yake akamjibu. “Disque bananiambia ni kwa congélateur, ndani ya barafu. Mukwe yangu alifanya hivyo.”

“Ikapona?”

“Apana. Lakini alifanya.”

Rafiki yangu hakuwasikiliza. Alifungua folda, na kwa muda mfupi nikayaona mafaili yote yamejipanga, majina niliyoyapa mwenyewe: visiwa, mizani, nyimbo, boti iliyowaka moto. Yalionekana mazima kabisa. Akachagua moja, akaamuru linakiliwe. Mstari wa kijani ukatembea kidogo, ukasimama. Diski ikagonga, ikagonga, ikagonga. Kisha kompyuta ikasema faili halisomeki. Akachagua lingine. Halisomeki. Lingine.

“Badilisha waya,” nikasema.

Akabadilisha.

“Tundu lingine. Lile la nyuma lina nguvu zaidi.”

Akahamisha.

“Jaribu tena ile ya visiwa.”

“Ma chère.”

“Jaribu tena!”

Watu wa fotokopi wakageuka. Sikuitambua sauti yangu. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeita boti iliyokwisha kuondoka. Mimi ambaye nimewacheka hadharani watu wanaowekea mikono injini na kuziombea, niliweka kiganja changu juu ya ile diski, ilikuwa ya moto, inatetemeka kidogo, na nikaomba. Niliomba kwa Kifaransa, kwa Kilingala na kwa Kiswahili, kwa kuwa sikujua yenyewe inaelewa kipi. Niliahidi mambo. Nyingi ya ahadi hizo sijazitimiza, lakini hata upande wa pili haukutimiza zake.

Kutoka kwenye kiti cha plastiki mama mdogo akauliza, “Ameanza kuongea?”

“Bado, Mama.”

“Mwambieni miye niko hapa.”

Rafiki yangu aligeuza uso upande wa mashine akajifanya anapanga karatasi. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo sikujua anayo: “Nikiendelea kulazimisha, naua hata kidogo kilichobaki. Mwambie.”

“Mwambie wewe.”

“Mama ni wangu? Diski ni yangu?”

Nikaenda nikachuchumaa mbele ya mama mdogo. Nilikuwa nimezoea kueleza mambo magumu kwa maneno mepesi. Ndiyo kazi inayonilisha. Nilisema kwamba diski ni sahani inayozunguka, kwamba kuna kidole kidogo kinachosoma juu yake, kwamba kidole kile kimepotea njia, kwamba sahani imeoza madoa madoa. Nilisema mengi. Alisubiri nimalize.

“Kwa hiyo haongei.”

“Haongei, Mama.”

“Yote?”

Lilikuwa neno lake lilelile la siku ya kikao. Nami siku ile nilikuwa nimelijibu upesi sana.

“Labda yote.”

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Hakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alijikung'uta nguo, akajifunga upya kile kitambaa cheusi kichwani, kwa kukikaza. “Alors, Jumamosi mule chakula yenu. Muimbe. Miye nitabaki hivi.”

“Mama, huwezi kubaki hivi. Watasema—”

“Basema. Munipe kintu yangu, turudi.”

Ni rafiki yangu aliyesimama kati yake na meza. Alimweleza kwamba ana programu nyingine, ya polepole, isiyolazimisha: inasoma punje kwa punje, ikikuta sehemu iliyooza inairuka na kwenda mbele, kisha inarudi. Huchukua muda. Diski itabidi ibaki hapa, iwashwe kwa betri na si kwa jenereta inayopanda na kushuka. Haahidi kitu.

“Sitamuacha kwa mutu nisiyemujua,” mama mdogo akasema.

“Mama, miye nitalala hapahapa dukani. Sitamuacha peke yake,” akajibu rafiki yangu.

Mama mdogo akamkabidhi kitenge. “Umufunike.”

“Ikifunikwa itazidi joto, Mama.”

“Basi ukiweke karibu. Akione.”

Tuliporudi ng'ambo alikuwa amekaa palepale katikati ya mtumbwi, mikono ipo mapajani, mitupu, na hakujua la kuifanyia.

Siku ya Ijumaa ua wake ulijaa watu. Wanawake walikuwa wakiosha majani, wakikata vitunguu, wakibishana kuhusu chumvi. Maspika ya Tonton yalifika juu ya mkokoteni, makubwa kama kabati, yakasimamishwa karibu na mlango, na hakuna aliyejua yaseme nini. Rafiki yangu hakuwa amepiga simu tangu tumwache. Mimi nilikuwa nimempigia mpaka akaacha kupokea. Ujumbe wake wa mwisho ulisema kila nikimpigia natetemesha meza.

“Matanga haingoji mashine!” Tonton alikuwa akisema uani, kwa sauti iliyokusudiwa kupita ukuta. “Mwaka imeisha. Pasteur anakuja. Mutu mumoja hawezi kufunga njia ya familia muzima!”

“Nenda umwambie, Tonton,” mmoja wa wanawake akasema. “Mulango iko wazi.”

“Miye ni mutu wa upande wa bwana. Siingilii.”

“Basi kata vitunguu.”

Mama mdogo alikuwa chumbani, amekaa kitandani kando ya sanduku lililokuwa wazi. Nguo mpya ya kesho ilikuwa imekunjwa juu ya kiti na hajaigusa. Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyopenda. Akivua, dada yake atakuwa amekufa bila wao kuagana, na jambo hilo litakuwa limetiwa sahihi mbele ya pasta na watu wote. Asipovua, ataishi ndani ya rangi ile mpaka naye afungiwe vitu vyake sandukuni. Watoto wa avenue watamtania, familia itamlaumu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemvalisha. Nikakaa upande wa pili wa sanduku. Nikaona hapo kati yetu pamebaki alama ya mraba juu ya vitenge, mahali diski ilipolala mwaka mzima.

“Mama, niliisikia.”

Hakugeuka.

“Ilikuwa inagonga siku ileile, kabla sijaitoa. Nilijua ni mbovu. Nikakupa hivyohivyo.”

“Nilijua.”

“Ulijuaje?”

“Weye hukopeshi mutu hata bic ya kuandika. Siku ile ulitoa mbio mbio, kama kintu inakuunguza.”

“Sasa kwa nini uliichukua? Kwa nini uliiacha ilale kitandani?”

Akashika ncha ya kitenge kimoja, akakunja, akakunjua. “Miye sikuwaza disque. Miye nilisema: mutoto anaogopa kumusikia mama yake. Iko mambo mingi kwa roho yake. Nilisema, nimuwekee kwanza, apumuzike. Siku atakuwa na nguvu, tutasikia pamoja.”

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimejificha nyuma ya mila yake, na yeye kwa mwaka mzima alikuwa ananilindia huzuni ambayo nilikuwa sijapata hata nafasi ya kuwa nayo, maana nilikuwa nikishughulika na woga. Nje mtu alijaribu maspika: ukelele mkali, kisha kimya, kisha wanawake wote wakamtukana Tonton kwa pamoja.

Na simu ikaita.

Rafiki yangu hakusalimia. “Imetoka moja.”

“Moja ipi?”

“Moja tu. Zile ndefu zimekufa, ma chère, nisikudanganye. Zote zimepita juu ya mahali palipooza. Na diski yenyewe sasa imenyamaza, haizunguki tena, haigongi. Lakini kulikuwa na kifaili kidogo, cha kwanza kabisa, kilikuwa kimejikalia pembeni. Nimeshakinakili kwenye kompyuta zote mbili na kwenye simu.”

“Kina nini?”

“Sikiliza mwenyewe. Usikasirike.”

Nikaweka simu kwenye kipaza sauti, nikaishika kati yangu na mama mdogo, juu ya sanduku. Kukawa na mchakacho, maji yakicheza kwenye beseni, kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusema, safi kabisa, bila kasoro hata moja.

Ilikuwa yangu.

*“Mama, utaongea karibu na simu, lakini si karibu sana. Usigonge meza. Mimi nitauliza swali, unangoja kidogo, halafu unajibu kwa sentensi kamili. Tutaanza utotoni, kisha tutafuata mpangilio wa wakati, kwa sababu bila mpangilio wa wakati msomaji anapotea. Ukikumbuka kitu cha baadaye, kiweke pembeni kwanza, usikichanganye. Na nyimbo tutaziweka sehemu yake. Ni muhimu uelewe kwamba haya si maongezi tu, hii ni kumbukumbu, na kumbukumbu…”*

Niliendelea. Mungu wangu, niliendelea. Kiangazi kizima cha mwanamke yule kilikuwa kimeoza, na kilichookolewa ni mhadhara wangu. Nilinyoosha kidole ili nizime. Mama mdogo akanishika mkono, akaukaza. Hakuwa akinisikiliza mimi. Alikuwa akisikiliza nyuma yangu, ambapo palikuwa na mtu anapumua, na maji yanayocheza kila alipoinua mguu.

Hatimaye nilinyamaza, mle ndani ya simu. Kimya kidogo. Kisha sauti nzito, yenye kicheko kilichofichwa chini yake kama jiwe chini ya maji:

*“Umemaliza? Sasa naweza kuongea?”*

Na faili likakatika.

Mama mdogo alinyang'anya simu mkononi mwangu, akaileta mdomoni.

“Ongea, yaya,” akasema.

Hakukuwa na kitu, ila jenereta ya duka kwa mbali. Uani watu walikuwa wamenyamaza. Rafiki yangu, bila kuombwa, akairudisha mwisho ule, akaupiga tena. *Umemaliza? Sasa naweza kuongea?* Akaupiga tena. Mama mdogo alianza kutetemeka mabega, na ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, kwenye uzi wa ufunguo.

“Ni yeye,” akasema. “Ni yeye kabisa. Hata kwa papa yetu alikuwa anangoja hivyo, amalize.” Kisha akaisogeza simu tena. “Weye, maman wa mashine.”

“Niko, Mama.”

“Kesho ukuje. Ulete hiyo, tuitie kwa ile maspika ya muzee.” Mkono wake wa pili ulikuwa umeshafika kisogoni, kwenye fundo la kitambaa cheusi, unalilegeza. “Na huyu mwenye kuongea sana, usimukate. Bote basikie yaya alivumilia nini.”